Vijana, makumbusho na sanaa iliyogeuzwa uso

Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Nanyi vijana mliosimama kule nyuma, sogeeni, maana leo nawazungumzia nyinyi.

Kila mara nasikia lawama ileile: vijana hawaendi makumbusho, hawajali ngoma za kwao, hawanunui picha wala kinyago. Kwamba hawaendi, nakubali. Pita Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, hapa Dar es Salaam, siku ya kazi. Utawakuta watoto wa shule ndani ya sare zao, na utawakuta watalii. Kijana wa miaka 25 utamtafuta sana. Ninachokataa ni sababu tunayoikimbilia, kwamba simu imewaharibu.

Mchukueni Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaja Dar es Salaam kuhangaikia maisha kama wengi wenu. Mwaka 1968 hivi akaanza kuchora kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya ubao wa dari, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyovimudu. Chuo cha sanaa hakukiona. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi, wakidhani ni mhalifu, akafariki. Miaka minne tu ya kuchora, na ameacha mtindo mzima wenye jina lake! Hadithi hii ni ya kijana wa mjini asiye na ajira, lakini vijana wa mjini hawaioni kuwa yao.

Kwa nini? Kwa sababu wanunuzi walikuwa wageni wa Oysterbay, mtaa wa wenye nazo hapa Dar es Salaam, na hadi leo mnunuzi anayetegemewa ni mgeni. Wafuasi wa Tingatinga walichora pia soko, hospitali, waganga na mashetani. Siku hizi kinachotoka haraka ni twiga, tembo na Kilimanjaro, kwa kipimo kinachoingia kwenye begi la safari. Simlaumu mchoraji, ana watoto wa kulisha. Lakini picha imegeuzwa uso, inamtazama anayeondoka kesho. Ndivyo ilivyo na vinyago vya soko la wachongaji la Mwenge. Kijana wa Tandale akiingia pale, hakuna kinachomwambia kwamba alikuwa anasubiriwa.

Sasa njooni nami uswahilini. Mchiriku, muziki wa vijana wa mitaani hapa Dar es Salaam, ulitokana na ngoma za Wazaramo. Vijana walichukua vinanda vidogo vya Casio wakaviunganisha na ngoma, spika zikalia mpaka alfajiri. Humo, na ndani ya taarabu, ndimo ilimokulia singeli, muziki wa kasi wa vijana wa leo. Hakuna wizara iliyowaagiza. Waliichukua ngoma kwa sababu waliikuta inalia mtaani kwao, kwenye harusi na vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha, na hakuna aliyewaambia wasiiguse. Wazee wengine hapa hawaipendi singeli, najua, wanaona ni fujo. Mimi naisikia ngoma ya Wazaramo ikiwa hai, na inanifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza.

Kwa hiyo naomba mambo mahususi. Kijiji cha Makumbusho kipo tangu 1966, kando ya barabara ya Bagamoyo, na nyumba za makabila yetu, na ngoma huchezwa pale. Mkaribisheni mtengeneza singeli akae na mpiga ngoma wa Kizaramo, warekodi, na kazi iwe mali yao wote wawili. Makumbusho yafunguliwe jioni, hata mara moja kwa wiki, maana muuza duka wa Kariakoo hawezi kufika saa nane mchana. Fundi seremala kijana aruhusiwe kuingia ghalani kupima milango na viti vya zamani kwa futi yake, akachonge vya kuuza.

Na wenye hospitali, shule na ofisi mlio humu: mnapaka kuta kila baada ya miaka michache. Waiteni wachoraji wa Tingatinga walioko Oysterbay. Waambieni wawachoree bodaboda, foleni ya zahanati, mama lishe na wateja wake, muwalipe bei ileile anayolipa mtalii.