Watu 41 na Hela Ishirini ya Tabora

MBWANA: Assalaam alaykum, wasikilizaji wetu. Sauti imenikauka, mnisamehe. Tangu Jumatano sijalala sawasawa.

MWANAIDI: Wala mimi. Nikipitiwa na usingizi kidogo tu, simu inalia: "Dada Mwanaidi, wamefika 41!"

MBWANA: Tuwaeleze wenzetu. Ile hela 20 ya babu, ya 1916, niliitia mnadani mtandaoni, siku saba, kuanzia dola 9. Siku ya sita watu 41 wameiwekea alama ya kuifuatilia. Dau? Moja tu, lilelile la dola 9.

MWANAIDI: Waambie kwanza ni sarafu gani. Kuna vijana wanajua hela ni hela tu.

MBWANA: Neno lenyewe tulilipata kwa Mjerumani. Rupia moja ilikuwa hela 100. Sarafu zikitoka Ujerumani, vita vikaja, Mwingereza akaziba bahari. Basi wakazipiga wenyewe upande wa Tabora, kwenye karakana ya reli, kwa shaba, zina herufi T. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora, ikawa basi. Kazi ya haraka ile, ndiyo maana hazifanani. Taji kubwa, taji dogo, hata ncha za herufi L kwenye neno HELLER zinatofautiana.

MWANAIDI: Hapo hapo! Kuna mtu alikuandikia akiomba picha ya karibu ya hiyo L ya pili. Mimi nikakwambia mnunuzi ni huyo. Hao 41 waache. Wengine wana sarafu kama yako, wanangoja waone itauzwa bei gani.

MBWANA: Na mimi nikakwambia wanaouliza sana hawanunui.

MWANAIDI: Mbwana, twende soko la samaki la hapa Tanga, Deep Sea. Mnadi akiinua fungu la vibua, nani wanasogea kutazama? Wapita njia. Yule mama mkaangaji yuko wapi?

MBWANA: Yuko pembeni, kaipa minada mgongo, anatazama ngalawa.

MWANAIDI: Kama samaki hamhusu! Bei ikikaribia kufungwa, kidole juu. Kachukua.

MBWANA: Lakini hujasimulia alivyokosa nguru.

MWANAIDI: Ya nguru ilimuuma sana yule mama.

MBWANA: Alikuja mnunuzi wa hoteli, samaki hawajui. Yeye hamtazami nguru, anamtazama mama. Mama akiinua kidole, yule anaongeza elfu. Mama tena, yule elfu. Alijua huyu mama hakosei, akipanda dau basi samaki mwenyewe anafaa. Mama akarudi Ngamiani na kapu tupu.

MWANAIDI: Tangu siku ile anamtuma mjukuu. Anamnong'oneza mwisho wake, mathalani elfu 40, kisha yeye anakwenda kunywa kahawa. Mtoto anapanda kidogo kidogo. Wenzake wakikomea 22, analipa 22 na kidogo. Ile 40 hakuna aliyeijua.

MBWANA: Na mtandaoni ndivyo ilivyo! Unaandika mwisho wako, mashine inakupandishia hatua kwa hatua, ikimpita tu mwenzako.

MWANAIDI: Umeona? Bei unayoiona kwenye skrini imewekwa na anayeshindwa. Anayeongoza huijui hamu yake. Dola 9 yako huenda nyuma yake mtu kaficha 100, ila hajapata wa kushindana naye. Sasa 41 wamekwambia nini?

MBWANA: Wameniambia nisiiondoe. Usiku wa sita nilitaka kuitoa, nikaona ninaitupa mali ya babu. Nikasema watu wote hawa hawawezi kuwa wapita njia watupu. Na Deep Sea pasipo watu mnadi hafungui mdomo, Dada.

MWANAIDI: Hafungui mdomo pasipo wakaangaji.

MBWANA: Basi sikiliza mwisho. Zimebaki sekunde nane, 9 ikaruka 17, ikaruka 31. Imefungwa.

MWANAIDI: Watu wangapi walipanda?

MBWANA: Wawili.

MWANAIDI: Wawili! Kati ya 41!

MBWANA: Wawili waliotoka miongoni mwa 41.

MWANAIDI: Umejuaje? Mtu anaweza kuiona dakika ya mwisho akapanda, alama hakuweka. Na yule wa herufi L?

MBWANA: Aliyeshinda si yeye. Jina ni jingine, mji mwingine.

MWANAIDI: Aliyeshindwa je? Maana huyo ndiye aliyekutoa 9 akakupeleka 31.

MBWANA: Jina lake halionyeshwi.

MWANAIDI: Basi ni yeye.

MBWANA: Dada, hilo huwezi kulisema.

MWANAIDI: Nalisema. Mtu haombi picha ya herufi moja kwa kupoteza wakati. Huyo anajua anachotafuta.

MBWANA: Mimi nitahesabu wafuatiliaji hata kesho.

MWANAIDI: Na mimi nitahesabu maswali. Saa ngapi sasa? Karatasi yetu hii hatujaigusa: kupekua bei zilizokwisha kuuzwa, bei ya siri ya muuzaji, picha, uzito...

MBWANA: Uzito tuseme japo neno moja.

MWANAIDI: Hatuwahi, Magharibi imeingia. Wasikilizaji, wiki ijayo inshallah.

MBWANA: Ila kwa wale 41, Dada, mimi bado...

MWANAIDI: Mbwana, wanaadhini. Zima.