Ukiposa kwa Baptisti wa msimamo mkali

Haya jamani tukae, muda wenyewe ndo huo. Mmeniomba niongee kuhusu vijana wetu hapa Marekani wanaopata wachumba kwenye yale makanisa yanayojiita Independent Fundamental Baptist, yaani Baptisti wa kujitegemea wa msimamo mkali. Sio Baptisti wote, msije mkaniletea shemeji yenu wa Southern Baptist, hao ni Baptisti wengine, mkasema mbona yeye anavaa suruali na anaenda sinema.

Hawa hawana askofu wala makao makuu, kila kanisa linajitegemea, na kazi ndo inaanzia hapo, maana mchungaji akishasema amesema. Kwetu Mlutheri akikwaruzana na mchungaji wake anapanda kwa mkuu wa jimbo, huku utapanda kwa nani? Kwahiyo mimi swali langu kwa mchumba sio anaamini nini, hayo mtayasoma kwenye Biblia, ila kwa wengi wao ni ya King James tu, ile tafsiri ya Kiingereza cha zamani, nyingine hawataki hata kuisikia. Mimi namuuliza hivi, wewe na mwenzio mkishaamua jambo la nyumba yenu, kazi, watoto wasome wapi, mnahamia mji gani, je mchungaji akikataa linabaki au linakufa? Akianza kujikunja kwenye kiti ujue jibu umeshapata.

Na kabla ya ndoa kuna ubatizo. Wewe umebatizwa mtoto kule Moshi, cheti unacho, kipaimara umepata, kwao hujabatizwa, ulilowa maji tu. Utazamishwa upya ndo uwe mwanachama. Wengine wanakubali kwa moyo, sawa, ila wapo wanaozama sababu ya harusi tu na hilo linakuja kudai baadae.

Siku ya harusi sasa, hapo ndo ndugu zetu wanalia. Kamati imechangisha, MC kalipwa, mashangazi wamefunga vitenge wanasubiri kuingia ukumbini kwa kucheza, afu wanakuta ni keki na juisi kwenye ukumbi wa kanisa, piano inapiga tenzi, hakuna kucheza, hakuna bia, saa mbili usiku watu wanapanga viti. Fanyeni sherehe mbili, msibishane.

Kuna la rangi pia, tusifichane. Chuo cha Bob Jones kule South Carolina, cha Wakristo wa msimamo mkali kama hawa, kilikataza wanafunzi kuchumbiana na wa rangi nyingine mpaka mwaka 2000, Mahakama ya Juu ilishathibitisha 1983 kwamba kinyang'anywe msamaha wa kodi na bado wakakomaa. Sisemi kila kanisa liko hivyo, makanisa mengine yamejaa watu wa kila rangi, ila waliosoma pale enzi hizo wengine saivi wana mabinti wa kuozesha na huyo ndo baba mkwe wako.

Baada ya hapo ni ratiba. Jumapili asubuhi, Jumapili jioni, Jumatano jioni, na mara nyingi Jumamosi kugonga milango ya watu kushuhudia. Kama unafanya shift za usiku kwenye nyumba ya wazee sema mapema, usisubiri mshaoana.

Na dada zangu, mke kumtii mume ni fundisho kubwa sana kule, lakini ukipigwa unapiga 911, namba ya dharura, kwanza, mchungaji utampigia kesho. Usiambiwe ukaombe kwanza.

Haya, maswali. Mama wa kilemba cha kijani, anza wewe.