Tangazo Limebandikwa, Mimi Niko Ndani

MADO: Karibuni tena, tuko hapa Lubumbashi. Wiki hii nimesoma tangazo kwenye simu: wanatafuta mtunza stoo, awe amefanya kazi miaka 7, awe na leseni ya gari, ajue Kichina kidogo, akae Kampemba. Mwisho wa kupokea dosiye za maombi, kesho saa sita mchana.

TRÉSOR: (anacheka) Wamesahau jina lake tu.

MADO: Na namba ya kiatu! Sasa kijana wa mtaa wa Katuba anakimbia ofisi ya komini kulipia cheti cha mwenendo mwema, fotokopi za diploma, picha, halafu taksibasi mbili mpaka barabara ya Kipushi. Pesa ya bukari, yaani ugali, ya siku tatu imekwisha, na kazi ina mwenyewe.

TRÉSOR: Yaya Mado, mwenyewe huyo nilishakuwa mimi.

MADO: Wewe?

TRÉSOR: Mjomba alikuwa kapita, yaani msimamizi wa wafanyakazi, kwenye kampuni ndogo iliyochukua kazi za mgodi. Nikaanza Jumatatu. Wiki mbili baadaye nakuta getini tangazo la kazi yangu. Wenye mgodi walidai karatasi: tangazo, orodha ya waombaji, alama za usaili. Bila hizo, fakture ya kampuni, yaani ankara yake, hailipwi. Na aliyewekwa kupokea bahasha ni nani? Mimi!

MADO: Mungu wangu.

TRÉSOR: Watu wananiita shefu, wananipa bahasha kwa mikono miwili. Mmoja alisoma umeme chuo kikuu. Mimi diploma ya sekondari.

MADO: Hukumwambia kitu?

TRÉSOR: Ningesema nini, "Papa, rudi nyumbani, nafasi yako nimeikalia"?

MADO: Mjomba naye namwelewa. Angekuacha, kila kilio cha ukoo wangemsema kwamba anakula peke yake. Akumbuke mpwa wake, sawa. Lakini mtoto wa mwenzake alipie fotokopi ili karatasi zenu zipendeze? Hapo ndipo ninapokasirika.

TRÉSOR: Na mimi sikula sana. Tangazo lilisema kontra, yaani mkataba, ya mwaka, nilichosaini ni kazi ya siku kwa siku. Sheria ya kazi ya Kongo ya 2002 inasema ukishafanya siku 22 ndani ya miezi 2, wakikuchukua tena kabla hiyo miezi kuisha, kontra inahesabiwa haina kikomo. Basi siku ya 21 unaambiwa, "Pumzika kwanza, tutakupigia."

MADO: Walipiga?

TRÉSOR: Mpaka leo nasubiri.

MADO: Na mjomba?

TRÉSOR: Walikuwa wamemhamishia Kolwezi. Kapita mpya ana wapwa wake.

MADO: (anacheka) Na zile bahasha?

TRÉSOR: Zilibaki stoo. Daftari lilikuwa limejaa, tukawa tunaandika lita za mazutu, yaani dizeli, nyuma ya CV. Ya yule wa umeme tulianza nayo. Karatasi yake ilikuwa nene, nzuri.