Kitenzi Kilichotoka Karakana: Mhadhara Kuhusu "Turn"

Habari za jioni, walimu wenzangu, na ninyi wafasiri mliokaa kule karibu na mlango kama watu waliokwisha kupanga kutoroka. Karibuni.

Wote tuliopita darasa la Kiingereza tuliimbishwa: go, went, gone. Mwalimu anagonga ubao kwa rula, sisi tunaitikia. Aliyethubutu kuuliza hiyo "went" imetoka wapi aliambiwa kitenzi hicho hakifuati kanuni, kaa chini. Basi jibu lipo, na ndilo litakalotufikisha kwenye mada yetu.

"Went" si mali ya "go". Ni wakati uliopita wa kitenzi kingine kabisa, "wend". Wend, went, send, sent, bend, bent. Pangeni wenyewe mtaona inafuata kanuni vizuri sana. Katika Kiingereza cha kale kitenzi hicho kilikuwa "wendan", na maana yake ya kwanza ilikuwa kugeuza. Kilizaliwa na "windan", kuzunguka au kujisokota, kwa njia ileile tunayoijua sisi ya geuka na geuza. Anayegeuza uso wake kuelekea mahali yuko njiani kwenda huko, na "wend" ikaanza kumaanisha kwenda. Nayo "go" ilikuwa na wakati wake uliopita, "eode", ambao tayari ulikuwa haufanani nayo hata kidogo. Kufikia mwaka 1500 hivi Waingereza wa kusini walikuwa wameutupa na kuchukua ule wa jirani. Waskoti hawakukubali, wao wakajitengenezea "gaed". Ndiyo maana kila mtoto wa Kiswahili anayesema "I went to school" anatamka kitenzi cha kugeuka bila kujua.

Lakini hoja yangu leo ni pana zaidi. Waingereza walikuwa na vitenzi vyao vya kugeuka, tena vingi. Kisha akaja mgeni mwenye zana za useremala, akapewa kona ya kulala, na baada ya karne kadhaa nyumba nzima ikawa yake. Mgeni huyo ni "turn". Maana nyingi zinazotutesa tunapoifasiri hakuja nazo. Alizirithi kwa wenye nyumba.

Mwenye nyumba mmoja tumeshamwona. Wa pili aliitwa "weorthan", na ndiye ninayemsikitikia zaidi. Asili yake ya mbali ni kugeuka, lakini katika Kiingereza cha kale alikuwa amekwisha kumaanisha kuwa, kugeuka kuwa kitu kingine. Sisi hatuna haja ya kuelezwa. Mtu "amegeuka mbogo", mke wa Lutu "akageuka nguzo ya chumvi". Kugeuka na kuwa ni nyumba na ua. Wajerumani bado wanaye, wanamwita "werden", na hawawezi kutengeneza wakati ujao bila yeye. Kwa Waingereza alikufa. Amebaki kwenye Biblia yao ya mwaka 1611, Ezekieli 30:2, "woe worth the day". Wengi husoma hiyo "worth" wakadhani ni thamani, kumbe ni kitenzi: ole na iwe kwa siku hiyo. Amebaki pia kama mkia katika "toward", "forward", "backward", yaani aliyegeukia huku au kule. Na amebaki katika "weird", ambayo leo vijana wanaitumia kwa kitu cha ajabu tu, lakini zamani "wyrd" ilikuwa ni majaliwa, yale yatakayokuja kuwa. Wale wanawake watatu wanaoitwa "weird sisters" katika tamthilia ya Macbeth hawakuitwa hivyo kwa sababu ni vituko. Ni wanawake wa majaliwa.

Ndugu yake wa Kilatini, "vertere", alipata bahati nzuri zaidi. Kutoka kwake Kiingereza kimechota "convert", "reverse", "divorce", "vertigo", na hata "verse", ubeti. Huo wa mwisho ni mzuri. Mkulima wa Kirumi alilima mpaka mwisho wa shamba, akageuza ng'ombe, akaanza mstari mwingine. Mstari huo wa plau uliitwa "versus", na mstari wa maandishi ukaitwa jina hilohilo.

Mwenye nyumba wa tatu, "hweorfan", simwoni tena popote. "Whirl" mnayoijua ni nduguye tu, aliyeletwa na Waviking.

Sasa tumfuate mgeni.

Wagiriki walikuwa na neno "tornos". Lilimaanisha kifaa cha kuchorea duara, na lilimaanisha kerezo, ile mashine ya seremala ya kuzungushia mbao. Homer, mshairi wao wa kale, ana kitenzi chake: mjenzi wa meli hupima kwacho uduara wa kitako cha chombo. Warumi wakalichukua, likawa "tornus", na kitenzi "tornare", kukereza. Hapo ndipo "turn" ilipozaliwa, sakafuni penye maranda.

Nimekuja na kitu hapa. Mnakijua, ni kijiti cha kusukumia chapati. Nimekiomba nyumbani kwa masharti kwamba kirudi leo. Tazameni: mwili ni duara tupu, huku mwishoni pameingia ndani, halafu kuna kifundo cha kushikia. Pitisheni ukucha hapa mtasikia vijistari vyembamba vinavyozunguka, alama ya patasi. Kitu hiki hakikuchongwa wala hakikurandwa, kimekerezwa. Na tofauti yake ni hii. Katika kazi nyingine zote za seremala, msumeno, randa na tezo ndivyo vinavyokwenda, mbao imetulia. Kwenye kerezo mbao ndiyo inayokwenda, fundi ametuliza patasi na kungoja.

Kerezo la zamani tunaliona Misri, limechongwa katika kaburi la kuhani Petosiris, yapata miaka 300 kabla ya Kristo. Kuna watu wawili. Mmoja ameshika mkanda uliozungushwa kwenye kazi, anavuta huku na huku. Mwingine ameshika zana. Kwa hiyo mbao ilizunguka mbele, ikarudi nyuma, ikaenda mbele tena, na patasi ilikata upande mmoja tu. Wakereza wa Ulaya katika zama za kati walimwondoa yule msaidizi. Kamba ilifungwa juu kwenye mti unaopindika, ikazungushwa kwenye mbao, ikashuka hadi kwenye kanyagio. Ukikanyaga mbao inazunguka kwako, ukiachia mti unaivuta irudi. Nusu ya siku ya mkereza ilikuwa kusubiri mbao irudi. Ningependa kuwaambia kwamba maana ya "turn" kama zamu imetoka hapo, ingekuwa hadithi tamu, lakini sina ushahidi, kwa hiyo naiacha.

Ushahidi wa wakereza wenyewe, huo upo wa kutosha. Mji wa York, kaskazini mwa Uingereza, una mtaa unaoitwa Coppergate. Hauhusiani na shaba wala lango. Ni Kinorse, lugha ya Waviking: mtaa wa watengeneza vikombe. Wachimbaji wa mambo ya kale walipofukua hapo kati ya 1976 na 1981 walikuta, pamoja na mengine mengi, vile vipande vya katikati ambavyo fundi huvivunja na kuvitupa anapomaliza kutoa bakuli ndani ya gogo. Mtaa umelitunza jina, na ardhi ikatunza takataka za kazi yenyewe. London wakereza walikuwa na chama chao kilichopata hati ya mfalme mwaka 1604, na kila mnapokutana na Mwingereza anayeitwa Turner, babu yake mmoja huenda alipiga kanyagio.

Neno liliingia Uingereza mara mbili. Mara ya kwanza lilitoka moja kwa moja kwenye Kilatini, likawa "tyrnan" na "turnian", na likawa na adabu: lilishughulika na kuzunguka tu. Mtawa Ælfric, aliyeandika karibu na mwaka 1000, alilitumia kwa anga linalotuzunguka juu na chini ya dunia. Mara ya pili lilikuja na Wanormandi walioiteka nchi mwaka 1066, kupitia "torner" ya Kifaransa, na safari hii halikuwa na adabu tena. Kwa Wafaransa lilikuwa limekwisha kutoka karakana na kuingia kila mahali: kugeuka, kurudi, kubadilisha, kuelekeza.

Msafara wake uangalieni. "Return", kurudi. "Tournament", wapanda farasi wanapogeuza farasi na kukabiliana. "Tour", mzunguko, na mtalii wetu akapata jina humo. Halafu "attorney". Huyu ni mtu aliyegeuziwa kazi ya mwingine, yaani aliyeteuliwa kusimama mahali pake. Kwa hiyo Mwanasheria Mkuu wa Serikali, katika cheo chake cha Kiingereza, ni binamu wa kijiti changu cha chapati. Hata "tornado" imo kwa mlango wa nyuma: Kihispania kilikuwa na "tronada", mvua ya radi, na mabaharia wakaivuta ifanane na "tornar", kugeuka, kwa sababu upepo ule unazunguka.

Wapo wanaofundisha kwamba maana ya "turn" kuwa kitu kingine imetoka kwenye kerezo, kwa kuwa gogo linaingia likiwa gogo linatoka likiwa bakuli. Maelezo hayo yanavutia, na mimi siyakubali. Bakuli halijageuka lenyewe, kuna mtu amelikereza. Lakini katika "the milk turned", maziwa yamechacha yenyewe, hakuna mwenye patasi. Kitenzi cha mambo yanayojigeuza yenyewe kilikuwa "weorthan", na "turn" ilikua katika kazi hiyo wakati ule ule "weorthan" ilipokuwa ikififia. Mimi hapo naona urithi.

Maana ya karakana hasa imebaki sehemu chache. Moja ni usemi mzuri: sentensi iliyopangika vizuri Waingereza huiita iliyokerezwa. Usemi huo ni wa zamani. Mshairi Horace wa Roma alishasema kwamba beti zilizokerezwa vibaya zirudishwe kwenye fuawe, na wahakiki wakamsumbua karne kwa karne kwa kumpeleka seremala kwa mhunzi.

Nije kwenye swichi. Kwa nini kwa Kiingereza taa "inageuzwa" kuwaka, "turn on"? Kwa sababu kabla ya umeme palikuwa na bomba. Maji yalifunguliwa kwa kuzungusha koki, na gesi ya taa vilevile; kampuni ya kwanza ya gesi London ilipata hati yake mwaka 1812. Nyumba ikajaa vikoki vidogo ukutani. Ukizungusha huku gesi inakuja, ukizungusha kule inakatika, ukirudisha kidogo mwanga unapungua, ndiyo "turn down". Umeme ulipofika, swichi nyingi za mwanzo nazo zilizungushwa. Leo unagusa kioo kwa kidole na hakuna kinachozunguka, ila kitenzi hakijapata habari. Msiwacheke. Sisi "tunawasha" taa na "kuizima" kana kwamba kuna kibiriti na mtu wa kupuliza.

Wafasiri, hapa ndipo mlipokuwa mnangoja. Chukueni mambo manne: maziwa "turned", hali ya hewa "turned", shangazi "turned" arobaini, na mgeni "turned up". Kwetu maziwa yamechacha, hali ya hewa imebadilika, shangazi ametimiza arobaini, na mgeni ametokea, pengine bila taarifa. Vitenzi vinne, na geuka haimo hata mara moja. Kamusi za shule zinazoandika "geuka, geuza" na kuishia hapo zimewapa wanafunzi maana ya Ælfric na kusahau miaka elfu moja iliyofuata. Mahali ambapo geuka inakaa bila kubishana ni gwaride: "Nyuma, geuka!" Na mahali pa asili kabisa, penye kerezo, tunalo neno letu zuri, kereza, ambalo mafundi wa miguu ya vitanda vya samadari wanalijua, na wafasiri wengi hawalitumii. Wanaandika "kuzungusha mbao". Tafadhalini.

Nimalizie na mmoja aliyefika kwetu kabisa. Taniboi. Wakenya watasema tanboi, wengine mnamwita utingo: msaidizi wa dereva wa lori. Ni Kiingereza, "turn-boy", na sehemu yake ya pili inanuka ukoloni, maana mtu ana wajukuu na bado ni "boi". Sehemu ya kwanza mimi naiona kwenye hendeli. Lori za zamani ziliamshwa kwa mkono. Mtu alisimama mbele ya injini, akachomeka chuma, akazungusha kwa nguvu zote, na akiwa mzembe chuma kilirudi kikamvunja mkono. Dereva hakutoka kitini kwa kazi kama hiyo. Zilipokuja lori za kuwashwa kwa ufunguo hendeli ikaondoka na jina likabaki kwa mtu wa turubai, jeki na kabari nyuma ya tairi mlimani. Bado ndiye anayemgeuza dereva uwanjani, lakini msikilizeni anavyosema akiwa nyuma ya lori anapiga bodi kwa kiganja, "turn" haimo: lete, lete, kata kushoto, kata yote, nyoosha, lete, hapo hapo!

Maswali sasa. Yule dada wa nyuma alinyoosha mkono tangu "attorney".