Si sukari guru: mhadhara juu ya diksha na mfuatano wa walimu

Asanteni. Kaeni, kaeni. Kwanza tuelewane: nikisema guru leo, sisemi ile sukari ya kutilia uji. Mnacheka, lakini niliwahi kuulizwa hivyo na mtu mzima, hatanii. Hili ni neno la Kisanskriti, na maana yake ya asili ni "zito". Siku hizi tumelitawanya, kila fundi ni guru: guru wa biashara, guru wa kandanda. Kwa Wahindu, kujua mengi hakumfanyi mtu guru. Sharti naye awe alipewa, na aliyempa alipewa. Mfuatano huo ndio parampara. Naona wenzetu wa twarika wanatikisa vichwa: silsila! Zinakaribiana, sitabishana nanyi leo.

Ubishi wangu uko kwingine, na wanaonijua wamekwisha nichoka. Watu wanadhani diksha, kule kumwingiza mwanafunzi kwenye njia, ni kunong'onezwa siri. Ndiyo maana kila mwaka hunijia kijana na simu mkononi: "Mwalimu, mantra hii hapa, yaani yale maneno matakatifu ya kukariri, imeandikwa. Guru wa nini tena?" Namjibu kwa Ramanuja.

Huyu alikuwa mwanazuoni wa nchi ya Watamili, kusini mwa India, akikaa Srirangam. Mapokeo yanasema alizaliwa 1017 akafa 1137, miaka 120 kamili. Wanahistoria huikunjia uso hesabu hiyo, nami nawaunga mkono. Mtu mkubwa, mwenye wanafunzi wake. Lakini alikosa kitu kimoja: maana ya ndani ya mantra ya silabi nane, Om Namo Narayanaya. Mantra yenyewe alikuwa nayo! Shikeni hapo. Ufafanuzi wake ndio aliukosa, nao alikuwa nao mzee mmoja wa kijiji cha Tirukoshtiyur, akiitwa Nambi.

Akafunga safari. Mzee akamrudisha. Akaenda tena, akarudishwa. Mara 17, jamani! Ninyi karani akiwaambia "njoo kesho" mara mbili tu, mmeshafika kwa mkuu wake. Mara ya 18 mzee akalegea, akatuma neno: aje peke yake, na fimbo yake ya utawa na pavitra yake, kifaa kitakatifu cha mtawa, basi. Ramanuja akatokea na watu wawili, Kurattalvan na Mudaliyandan. Mzee: nilisemaje? Akajibu: hawa ndio fimbo yangu na pavitra yangu. Mimi ningemrudisha mara ya 19. Mzee akamkaribisha.

Akafundishwa, akaonywa: ukimwambia mtu, ni motoni. Akatoka hapo, akapanda mnara wa hekalu la kijiji kilekile, akawakusanya watu, akawatangazia wote. Mzee akaja amefura. Unajua malipo yako? Najua, ni moto. Lakini hawa wote wakiokoka nikaungua mimi mmoja, hasara iko wapi? Mzee akamkumbatia, akampa jina la Emperumanar, na wafuasi wake humwita hivyo hadi leo.

Najua kuna anayesema moyoni: mwalimu umejifunga mwenyewe, siri imeshatangazwa, guru hana kazi! Subiri. Baada ya kelele zile, nani aliifuta diksha? Hakuna. Hadi leo anayeingia njia ya Ramanuja hupitishwa kwenye mambo matano, panchasamskara. Hupigwa chapa ya moto mabegani, gurudumu la mungu wao Vishnu kulia na kome lake kushoto. Huchorwa alama pajini. Hupewa jina jipya lenye neno dasa, mtumwa. Hupewa mantra. Hufundishwa ibada. Hesabuni wenyewe: kati ya matano, simu ya yule kijana inayo moja tu. Bega nani atamchomea?

Na hao waliompa Ramanuja, walipewa na nani? Hapa napapenda. Mwalimu aliyemtaka hasa ni Yamuna, na alipofika Srirangam alimkuta maiti, vidole vitatu vimekunjwa. Akaweka nadhiri tatu, na kila nadhiri kidole kikanyooka. Kwa hiyo alichokuwa nacho marehemu ilibidi akiokote kwa wanafunzi wake watano, huku kipande, kule kipande, kama mrithi anayezungukia nyumba za wajomba. Nambi ni mmoja wa hao watano. Sasa mnaona kwa nini safari 18? Mali yenyewe ilikuwa ya ukoo. Na ukoo huo, wakiuhesabu kwenda juu, unaishia kwa Vishnu, na wa pili baada yake ni mwanamke, mkewe Lakshmi.

Nakimbia sasa. Gurus matapeli? Wapo, na Wahindu walilisema kabla yenu: kitabu chao Kularnava Tantra kinasema gurus wa kumpora mwanafunzi mali ni wengi, wa kumwondolea dhiki ni adimu. Wale mnaowaona Kisutu, Dar es Salaam, na shanga ndogo za tulasi shingoni, jamaa wa mrihani ule, hiyo ni kanthi. Kwa Waswaminarayan, dhehebu mojawapo la Wahindu, huvalishwa mtu anapoingizwa. Ekalavya wa utenzi wa Mahabharata, aliyedaiwa na guru kidole gumba kama ada, nilimwandalia kurasa nne, na mwenyekiti ananionyesha saa.

Basi, maswali. Mwenye simu aanze.