Diski Haikumbuki: Kuhesabu Marudio ya Filamu Ulizonazo

MWANAIDI: Karibu, msikilizaji. Leo tunaongea na wenye makabati ya filamu. DVD, Blu-ray, faili zilizopangwa kwenye seva ya nyumbani, vyovyote vile. Swali ni moja tu: hizo ulizonazo, unazirudia mara ngapi? Mimi ni Mwanaidi.

KASSIM: Na mimi Kassim, mshtakiwa.

MWANAIDI: Hakuna aliyekushtaki.

KASSIM: Nimekuona na karatasi, dada yangu. Mtu mwema haji na karatasi.

MWANAIDI: Karatasi ina hesabu tu, tutafika. Kwanza kuna jambo ambalo wakusanyaji wengi hawalifikirii. Enzi za kaseti, hesabu ilijiandika yenyewe. Utepe wa VHS unagusana na mashine kila unapochezwa, kwa hiyo unachakaa. Filamu iliyopendwa uliitambua kwa mistari yake. Tena pale watu walipopenda kurudisha nyuma na kusimamisha ndipo picha ilipoanza kutetemeka.

KASSIM: Ukaijua sehemu tamu kabla hujaitazama! Na ukikuta kaseti ya mtu ina picha safi kabisa, ujue hiyo ni ya pambo.

MWANAIDI: Basi DVD ikaja, Japani mwaka 1996, Marekani mwaka uliofuata, na ushahidi ukafutika. Diski inasomwa kwa leza, hakuna kinachoigusa. Itazame mara moja, itazame mara mia, haitakwambia. Mashine nayo kwa kawaida haikuwekei hesabu. Kilichobaki ni kumbukumbu ya mwenye mali, na kumbukumbu ya mkusanyaji ni wakili wake.

KASSIM: Haya, si nilisema nimeshtakiwa?

MWANAIDI: (anacheka) Ngoja nikusomee karatasi. Hesabu ya kubuni, si yako. Mtu ana filamu 600. Kila wiki anatazama mbili, moja mpya, moja ya kurudia. Marudio ni 52 kwa mwaka. Akizipa zote zamu sawa, kila filamu itasubiri zaidi ya miaka 11 kabla ya kuonekana tena.

KASSIM: Na hapo hajanunua nyingine.

MWANAIDI: Hajanunua nyingine.

KASSIM: Mtu huyo hayupo.

MWANAIDI: Wala anayegawa zamu sawa hayupo. Kila mtu ana zake chache anazozishika kila mara. Tuseme filamu 20 zinachukua jioni 40 kati ya zile 52. Zinabaki jioni 12 kwa filamu 580. Gawanya.

KASSIM: Sitaki.

MWANAIDI: Miaka 48.

KASSIM: Subhana'llah.

MWANAIDI: Ndiyo maana mtu akiniambia kwa wastani narudia kila filamu mara tatu, simsikilizi. Wastani hapo umebebwa na zile 20. Panga filamu zako zote kwa idadi ya marudio, kisha angalia iliyo katikati ya orodha. Hiyo ya katikati ndiyo itakayokwambia ukweli, na usishangae ukikuta sifuri.

KASSIM: Sawa, lakini kabla hujanihesabia, tukubaliane unahesabu nini. Maana hapa ndipo watu wanapogombana. Nimeweka filamu, dakika ya arobaini nimelala, nimeamka wanaorodhesha mafundi taa. Nimeitazama?

MWANAIDI: Hujaitazama.

KASSIM: Lakini ilikuwa ya kurudia! Dakika zilizobaki nazijua kwa moyo.

MWANAIDI: Kwa hiyo ukilala kwenye filamu unayoijua, hesabu inaongezeka?

KASSIM: Nasema ina hoja. Haya, nyingine: napiga pasi, filamu inaendelea, namsikiliza tu mhusika, nikifika sehemu ninayoipenda nanyanyua kichwa. Nyingine: nimeiweka na sauti ya mwongozaji anayeeleza alivyoitengeneza. Hapo nimekaa saa mbili nimekaza macho kuliko mara ya kwanza, ila mazungumzo ya wahusika sikuyasikia. Nyingine: mtoto ameitazama mara tatu kwa siku moja, mimi napita sebuleni.

MWANAIDI: Ya mtoto ni ya mtoto. Ya pasi naipa nusu. Ya mwongozaji ni marudio halali, tena ndiyo halali kuliko zote, kwa sababu hakuna anayeiweka kwa bahati mbaya.

KASSIM: Programu hazina huruma hiyo. Mwenye Plex, kwa mfano, ile programu ya kupanga na kucheza faili za filamu, akiiacha kama ilivyokuja, filamu inawekewa alama ya kutazamwa ikishapita asilimia 90. Sasa mimi niliyelala nimehesabiwa, maana imejiendea hadi mwisho. Wewe uliyetazama kila kitu ukazima majina yalipoanza kupanda, kama majina ni marefu, huenda hujahesabiwa.

MWANAIDI: Unaweza kuibadilisha hiyo asilimia.

KASSIM: Unaweza, lakini nani hubadilisha? Na hiyo ni ya faili. Mwenye diski hana budi aandike mwenyewe, kwenye daftari au Letterboxd, ile tovuti ya wapenda filamu ya New Zealand ya tangu 2011. Ina shajara, unaweka tarehe na alama kwamba hii ni ya kurudia. Inatosha kabisa. Mimi nawaonea huruma wenye lahajedwali za safu thelathini. Hao wanatazama lahajedwali kuliko filamu.

MWANAIDI: Tuingie kwenye vumbi.

KASSIM: Vumbi gani tena?

MWANAIDI: Mwaka 2009 watafiti watatu, Katherine Milkman, Todd Rogers na Max Bazerman, walichapisha utafiti kuhusu kampuni moja ya Australia iliyokodisha DVD kwa mtandao. Mteja anaagiza, diski inafika nyumbani, anakaa nayo apendavyo, akirudisha anapata nyingine. Wakapima muda diski inaokaa nyumbani. Filamu za aina ya "napaswa kuitazama", kama makala za kweli, zilikaa kwa muda mrefu kuliko za aina ya "naitaka", kama za mapigano. Mtu anaagiza akiwa na nia njema, jioni ikifika nia imechoka.

KASSIM: Hao walikuwa wanakodi. Mkusanyaji ananunua.

MWANAIDI: Ndiyo ubaya wenyewe! Aliyekodi angalau lazima arudishe ndipo apate nyingine. Wewe hakuna anayekudai. Ile filamu ya saa tatu na nusu, ya rangi nyeusi na nyeupe, yenye maandishi ya tafsiri chini, inakaa hapo kwenye nailoni yake mpaka karatasi ya jalada inapauka.

KASSIM: (kimya kidogo) Unaongelea filamu fulani mahsusi?

MWANAIDI: Naongelea aina. Ila kwenye utafiti ule kuna habari njema: kadiri wateja walivyozoea huduma, tofauti hiyo ilipungua. Walianza kujijua. Kuhesabu kunaweza kumfanyia mkusanyaji jambo hilo hilo, na mimi sihitaji sababu nyingine.

KASSIM: Mimi nina shaka hapo. Ukihesabu sana unaanza kutazama ili uhesabu. Mwisho wa mwaka umekaribia, unachagua filamu za dakika themanini ili namba ipande. Nawajua watu wa namna hiyo. Na tena, dada, kosa lako kubwa ni kudhani filamu isiyorudiwa haina kazi kabatini. Diski ni kama kizima moto. Humuulizi mtu amekitumia mara ngapi.

MWANAIDI: Nyumba moja vizima moto 600?

KASSIM: (anacheka) Ni nyumba kubwa! Lakini sikiliza. Netflix iliacha kutuma DVD kwa posta mwezi wa tisa 2023. Kwenye rafu zao kulikuwa na filamu ambazo hazipo kwenye huduma za kustrimu, na leseni za kustrimu zina mwisho wake: leo ipo, kesho haipo. Hata ile "uliyoinunua" kidijitali, ukisoma masharti, mara nyingi umenunua ruhusa ya kuitazama. Diski yangu haina masharti hayo. Nisipoigusa miaka kumi, siku ya kumi na moja ipo.

MWANAIDI: Mwaka wa kumi na moja.

KASSIM: Mwaka. Umenielewa.

MWANAIDI: Nimekuelewa, na hoja naikubali kwa filamu ambazo ni ngumu kupatikana. Ila hebu tazama zinazojaza makabati. Nyingi ni zile zile zilizouzwa kwa mamilioni, kila mtu anayo. Hizo huzilindi dhidi ya kupotea.

KASSIM: Hizo ni za wageni.

MWANAIDI: Za wageni?

KASSIM: Eeh. Hapa ndipo ningeongeza safu moja kwenye daftari, na ningefuta nyingine zote kama ungenilazimisha. Tarehe, halafu: nani aliiomba. Maana ukifuatilia marudio, mengi hayakuanzishwa na mwenye kabati. Shemeji kaja, hajawahi kuiona ile, "Hujaiona? Kaa hapo!" Mpwa kafikisha umri. Mtu anaumwa, anataka kitu anachokijua mwisho wake. Nikiwa peke yangu, mara nyingi naweka mpya. Marudio yananijia na watu.

MWANAIDI: Hilo halikuwa kwenye karatasi yangu.

KASSIM: Andika.

MWANAIDI: Naandika. Na linaendana na jambo jingine. Ed O'Brien wa Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 2019 alichapisha majaribio kuhusu kurudia, likiwemo la kutazama filamu ile ile mara ya pili. Watu walitabiri mara ya pili itawachosha kuliko ilivyowachosha kweli. Kumbe kuna mengi wanayokuwa hawakuyaona mara ya kwanza. Sasa mtu mwenye kabati anafanya utabiri huo huo kila jioni mbele ya rafu: "Aa, hii nishaiona." Mgeni hana hilo kosa, ndiyo maana anakuchagulia vizuri.

KASSIM: Kwa hiyo zile sifuri zako tunazifanyaje?

MWANAIDI: Kuna sifuri mbili. Kuna iliyotazamwa mara moja haikurudiwa: hiyo iache, filamu nyingine zinatosha mara moja, hasa zinazoumiza. Na kuna ambayo haijawahi kutazamwa kabisa tangu inunuliwe. Hiyo nisingeihesabu kwenye mkusanyiko. Ipe rafu yake, usawa wa macho, karibu na runinga, ikusute.

KASSIM: Usawa wa macho ni ukatili.

MWANAIDI: Ni rafu moja tu. Ikijaa, hununui.

KASSIM: Hapo sasa umeniua. Basi nijibu la mwisho, ni la msikilizaji pia. Filamu moja, nilikuwa nayo kwenye kaseti, nikaichukua kwa DVD, Blu-ray ilipotoka 2006 nikaichukua, Ultra HD ilipokuja 2016 nikaichukua. Kila ikibadilika, naitazama mara moja kuona picha ilivyo, halafu kimya. Hesabu inaanza upya au inaendelea?

MWANAIDI: Inaendelea. Filamu ni ile ile.

KASSIM: Lakini diski ni mpya, imegharimu pesa mpya, imetazamwa mara moja tu.

MWANAIDI: Mara nne. Na ukigawa gharama, gawa gharama ya zote nne.

KASSIM: Ndiyo maana nataka ianze upya.

MWANAIDI: Msikilizaji, tutumie jibu lako: inaanza au inaendelea? Wiki ijayo tunasoma. Kassim, hiyo ya kaseti bado unayo?

KASSIM: Ipo juu ya kabati.

MWANAIDI: Na mashine ya kuichezea?

KASSIM: Wiki ijayo, msikilizaji. Kwaheri.