Soma Bega la Mtungi Kabla ya Kutoa Hela: Kukagua Mtungi wa Kuzamia Uliotumika

Habari zenu watazamaji, karibuni. Hapa mbele yangu nina mitungi mitatu ya kuzamia, yote imeshatumika, na bei hatutaitaja mpaka tumalize kuisoma. Mtungi wa kawaida wa alumini wa lita 11, ukijazwa hadi bari 207 (bari ni kipimo cha presha), unabeba hewa karibu lita 2,300. Hewa yote hiyo imebanwa kwenye chombo kinachokaa mgongoni mwako, chini kidogo ya kisogo. Kwa hiyo rangi isikuvutie. Unachonunua ni maandishi yaliyogongwa begani, pale mtungi unapoanza kupungua kuelekea shingoni.

Vua wavu, vua na buti ya plastiki ya chini. Chukua mswaki wa zamani na maji baridi, sugua bega taratibu. Msasa usitumie, na grainda usiisogeze kabisa, kwa sababu inakula chuma na inafuta namba unazozitafuta. Kama maandishi yamefifia, fanya kama mimi hapa: paka chaki juu yake, kisha futa kwa kiganja. Chaki inabaki ndani ya mikwaruzo na herufi zinajitokeza zenyewe.

Haya, mtungi wa kwanza. Sogea na kamera hapa. Mstari unasomeka DOT-3AL3000. DOT ni Idara ya Usafirishaji ya Marekani, na 3AL inakuambia ni alumini. Hiyo 3000 ni presha ya kujazia kwa kipimo cha psi, sawa na bari 207. Pembeni yake kuna TC-3ALM207, idhini ya Kanada, na wao wameandika bari moja kwa moja. Halafu inafuata namba ya mtungi na jina la mtengenezaji. Mwisho tarehe: 10A86. Mwezi wa 10, mwaka 1986, na hiyo alama ya katikati ni ya mkaguzi.

Tutulie hapa kwenye 1986, maana hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopitiliza. Mitungi mingi ya alumini ya miaka ile ilitengenezwa kwa aloi, yaani mchanganyiko wa metali, iitwayo 6351. Aloi hii, ikikaa na presha miaka mingi, inaweza kupata nyufa shingoni na kwenye thredi, yaani mistari ya skrubu inayoshika vali, mahali ambapo jicho la kawaida halifiki. Kiwanda cha Luxfer cha Marekani kiliiacha katikati ya mwaka 1988 na kuhamia aloi ya 6061. Viwanda vya nje ya Marekani viliendelea nayo kwa miaka kadhaa zaidi, kwa hiyo mtungi wa Uingereza wa 1990 usiuhesabu kuwa salama kwa sababu tu umevuka 1988. Mitungi ya Walter Kidde nayo ni ya 6351. Kiwanda cha Catalina hakikuitumia kamwe.

Angalia pia kama begani pameandikwa E6498, E7042, E8107, E8364 au E8422. Hivyo ni vibali maalumu vya Marekani vya mitungi ya aloi hiyohiyo.

Je, mtungi wa 6351 ni wa kutupa? Sheria ya Marekani haisemi hivyo. Tangu mwaka 2007 inataka shingo ipimwe kwa mkondo wa umeme kila mtungi unaporudi kwenye jaribio la maji, na ukifaulu unagongwa herufi VE kando ya tarehe. Lakini wewe uliye Pemba au Watamu, jiulize kwanza kipimo hicho utakipata wapi. Mimi siununui, hata ukishushwa bei kiasi gani.

Sasa tafuta tarehe za baadaye. Jaribio la maji hufanyika kila miaka 5: mtungi unajazwa maji na kusukumwa hadi presha kubwa kuliko ya kazi, kwa huu wetu psi 5000, kisha wanapima umetanuka kiasi gani na umerudi kiasi gani. Kwa Marekani, alama yake ni herufi moja na namba tatu za kituo zilizopangwa mraba, mwezi kushoto, mwaka kulia. Stika haihesabiki hapa. Stika ni ya ukaguzi wa ndani wa kila mwaka, na mtu yeyote anaweza kuibandika.

Mtungi wa pili ni wa chuma, umetoka Ulaya. Ujazo ni lita 12, presha ya kazi bari 232, PT 348 ni presha ya jaribio. Uzito wake mtupu nao umegongwa kwa kilo. Ung'oe vali, uweke mtungi mizani. Ukiwa mwepesi kuliko namba hiyo, kutu imeshaula. Na kutu ya ndani haipunguzi chuma peke yake, inakula pia oksijeni ya hewa uliyohifadhi, na mzamiaji anaweza kuzimia bila onyo lolote.

Kuna M25x2 hapa. Hiyo ni thredi, na naomba uisome mara mbili. Mitungi ya Marekani hutumia thredi ya robo tatu ya inchi, ambayo ni pana kidogo kuliko M25. Vali ya M25 inaingia kwenye shingo ya robo tatu, inashika kijuujuu, inakaa kimya, na siku kompresa inapopandisha presha inachomoka kama risasi. Mwambao wetu unapokea mitungi ya pande zote mbili, na vali zinabadilishwa ovyo. Linganisha thredi iliyogongwa kwenye vali na iliyogongwa kwenye mtungi. Zikipishana, usiujaze.

Alama ya kujumlisha, kama kwenye 3AA2250+, ni ya mitungi ya chuma ya Marekani tu, na inaruhusu asilimia 10 zaidi. Ukiiona kwenye alumini, kuna mtu ameigonga bila haki.

Mtungi wa tatu umepakwa rangi mpya, ya buluu, inang'aa. Nimekwangua kidogo hapa. Mnaona? Safu ya X imegongwa juu ya neno DOT. Huu ulishakataliwa na mkaguzi, akaufuta, kisha mtu akaufunika kwa rangi. Na hata kama X zisingekuwepo, rangi mpya ningeihoji: imekaushwa kwenye tanuri? Joto kali linailegeza alumini, na kwa macho huwezi kujua.

Nimemwomba mwenye nao atoe hewa yote, ang'oe vali, kisha fundi autoboe tundu ubavuni, asije mtu mwingine akauokota na kuupeleka kwenye kompresa.